Malori Matupu ya Barabara ya Nyankunde

Nilipata kazi ya kusimama kando ya barabara ya Nyankunde na kuuliza malori yamebeba nini. Waliotuajiri walitaka kujua kama mizigo inatosha ili barabara ifae kutengenezwa. Nilifurahi kuliko wao wenyewe, kwa sababu mama yangu hulima nyanya upande ule, na kila msimu wa mvua nyanya zake hufika sokoni Bunia zikiwa mchuzi.

Enjenia wetu, mtu wa Kinshasa mwenye viatu vyeupe, alisema hatatutegemea sisi peke yetu. Angelinganisha hesabu zetu na karatasi za kizuizi cha barabarani, kisha na maelezo ya wafanyabiashara sokoni. Vyanzo vitatu, alisema, haviwezi kupatana kusema uongo. Hakuwa mwenyeji.

Kwetu, mtu akivaa fulana ya rangi ya machungwa, akashika kalamu na kuuliza uzito, hiyo ni kodi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na sisi tumeumwa na kila fulana. Hata kazi haijakolea, malori yakaanza kusimama konani kabla ya kutufikia. Magunia yalishushwa, yakapitishwa nyuma ya migomba juu ya vichwa vya watu, yakapakiwa tena mbele huko. Sisi tulipitiwa na malori matupu, madereva wakitusalimia kwa heshima kubwa.

Nilimwomba enjenia aje aone nyuma ya migomba. Alinijibu kwamba migomba haimo katika utaratibu wa utafiti. Waenda kwa miguu walikuwemo, kwa hiyo tuliwahesabu wote.

Asubuhi moja, kati ya waliotoka migombani, nikamwona mama, beseni la nyanya kichwani.

"Mama, rudisha nyanya mu lori! Haiko takse, haiko kodi!"

"Kama haiko takse, juu ya nini uko unauliza kilo?"

"Banataka kutengeneza barabara."

"Nani alishatengenezea muntu kitu bure?"

Akaendelea na safari, shingo imenyooka. Nilimpenda, na papo hapo nilitamani kumtikisa mpaka beseni lianguke.

Utafiti ulipokwisha, vyanzo vyote vitatu vilipatana ajabu. Kizuizini hakikupita kitu, sokoni hakuna aliyeuza kitu, na sisi hatukuona kitu. Enjenia karibu atukumbatie. Alisema tangu aanze kazi hajaona hesabu safi namna ile. Ripoti ikaeleza kwamba barabara haina mizigo, ila waenda kwa miguu ni wengi kupita kiasi. Basi malori yakaachiwa tope lao, na kando yake ikajengwa njia ya miguu, nzuri, ya mawe.

Mvua zilipokuja, lori lenye nyanya za mama likazama konani. Alifika kwangu kwa miguu, amelowa, na beseni alilowahi kuokoa likidondosha maji mekundu mlangoni. Nilimpa kiti. Alikaa, akavua viatu.

"Wakati ile ya fulana, na miye ulinihesabu?"

"Nilikuhesabu, mama."

"Mu bantu gani?"

"Mu benye kutembea na miguu."

Akaitazama miguu yake, kisha beseni.

"Basi," akasema, "mulihesabu muzuri."