Mtemi Aliyesema "Laia"

Mwezi uliopita binti yangu alinialika Chimwaga, chuoni kwao, nikatazame tamthilia waliyoiandaa. Ilikuwa habari ya mfalme aliyepata madaraka kwa hila, kisha hila ile ile ikamla. Nilikaa safu ya pili, mkoba mapajani. Walipofika pale mfalme anaposimama mbele ya watu wake kukiri, nikaanza kutafuta cha kufanya. Nikafungua mkoba, nikaufunga. Nikatazama simu ambayo haikuwa na ujumbe wowote. Mwisho nikainuka, nikawapita watu magotini kwa samahani nyingi, nikatoka nje juani. Baadaye binti yangu akanipigia: "Mama, vipi, ulichoka?" Nikamwambia nilizidiwa na joto.

Haikuwa joto, ndugu yangu. Ngoja nikueleze.

Nilipelekwa kijijini Haneti kwa bibi nikiwa na miaka minane, nikitokea mjini na Kiswahili changu cha mjini. Mwanzoni niliulilia ugali mweupe. Ugali wa uwele wa bibi, mweusi na mzito, nilikuwa nikiusukuma sahanini mpaka aseme, "Njaa itakufundisha." Ikanifundisha kweli. Leo naweza kukwambia harufu ya mlenda wake wenye karanga kana kwamba chungu kiko jikoni kwangu. Asubuhi niliamshwa na mchi, halafu kengele za mbuzi, halafu sauti ya bibi ikinitaka nichukue ndoo. Maji tuliyafuata korongoni. Kiangazi unafukua mchanga kwa mikono, unasubiri, unachota kata moja, unasubiri tena. Upepo ukivuma, vumbi jekundu linakuingia hadi kwenye meno.

Rafiki yangu pale alikuwa binti wa jirani. Baba yake alikuwa mfugaji, na yeye alichunga kabla na baada ya shule. Alipowaita mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo, hata kuku wa bibi waliinua shingo. Hakuwa akipiga kelele. Sauti yake ilikuwa nene, imetulia, na ilifika.

Tukiwa darasa la saba, mwalimu wa Kiswahili aliandika mchezo kwa ajili ya siku ya wazazi. Ulikuwa juu ya mtemi aliyempokonya kaka yake kiti kwa uongo, akatawala kwa hofu, mwishowe akaumbuka mbele ya raia zake. Sote tulijaribu kusema maneno yale ya mwisho: "Raia wangu, kiti hiki nilikipata gizani, na leo jua limenikuta nimekikalia." Mimi niliyasema vizuri, kila herufi mahali pake. Kisha rafiki yangu akasimama. Alisema "Laia wangu," maana nyumbani kwao Kigogo kilitangulia na ile "r" haikumkaa kinywani. Wachache wakacheka. Mwalimu akainua mkono.

"Nani kasema mtemi wa huku angetamka kama redio? Mtemi wetu tumempata."

Mimi nikapewa nafasi ya mjumbe, maneno manne. Kuingia, kupiga goti, kutoka.

Sikuweza kutulia. Nilikuwa nikitwanga huku nayasema maneno ya mtemi, mpaka bibi akauliza kama nina homa. Siku ya nne nikamkuta rafiki yangu korongoni amepiga magoti, anachota. Nikamwambia mwalimu amenituma.

"Amesemaje?"

"Amesema wageni watacheka. Mtemi hawezi kusema 'laia'. Anatafuta mwingine."

Aliendelea kuchota. Ndoo ikajaa, ikamwagika, naye bado anachota.

"Lakini mbele yangu alisema ni sawa."

"Alikuonea huruma tu," nikasema.

Ule uongo wa kwanza niliupanga; neno hilo sikulipanga. Lilitoka lenyewe, nami nikaona lilivyomwingia.

Kesho yake hakuja mazoezini. Mwalimu aliponiuliza, nikajibu baba yake amemkataza, kazi za mifugo zimezidi. Akasema atakwenda kumwona mzee. Haraka nikasema mzee amehamishia ng'ombe malishoni mbali, harudi karibuni. Ona uongo unavyozaa. Jioni ile nikakabidhiwa vitu vya mtemi: kigoda, kaniki na usinga. Nikawa mtemi.

Nikwambie ukweli, sikukifaidi kile kigoda hata siku moja. Kengele ikilia rafiki yangu aliondoka kwa aibu kabla mwalimu hajamfikia, nami nilimbebea mwalimu madaftari ili mtu mwingine asitembee naye. Nilipomwona rafiki yangu njiani nilipita mashambani, nikararuliwa na miiba. Mbwa akibweka, nilidhani ni baba yake anakwenda shuleni. Usinga ulinitetemeka mkononi, na mwalimu akanisifu. "Vizuri sana! Hivyo ndivyo anavyohofu mtu mwenye siri."

Siku ya wazazi ilifika na jua lake. Wageni walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wengine chini. Nikachungulia kutoka nyuma ya darasa, nikamwona mzee mwenyewe, fimbo mkononi, amekaa mbele kabisa. Kando yake binti yake, mdogo wake mgongoni.

Tulianza. Nilitawala, nikadanganya, nikafukuza watu, wote wakapiga makofi. Mwishoni nikasimama peke yangu. "Raia wangu," nikasema. Hayakufuata mengine. Nikarudia, "Raia wangu." Watu wakaanza kuguna. Macho yangu yakaenda kwa rafiki yangu bila kutaka, nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa akiyasema maneno yote, moja baada ya jingine, bila sauti. Nikakaa chini na kaniki yangu. Darasa la nne likacheka mpaka likakemewa.

Watu walipoanza kutawanyika, mwalimu alimwendea mzee.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba, mwalimu. Nina swali. Mwanangu alikuwa akinisomea maneno haya kila siku zizini. Mbona mlimwona hafai?"

"Si wewe mzee uliyemkataza?"

Mzee akamtazama. Kisha wote wawili, polepole, wakanigeukia mimi. Bibi alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia kila neno.

Mwalimu hakunichapa. Heri angenichapa. Alinyoosha mkono, nikamrudishia usinga, akaingia darasani. Bibi ndiye aliyeniongoza hadi kwa jirani. Njiani alisema mara moja tu, "Njia ya mwongo ni fupi." Mlangoni kwao nikasema, "Mwalimu hakusema yale. Nilisema mimi." Rafiki yangu akajibu, "Sawa." Akaingia ndani.

Nilidhani yameisha. Lakini darasani hakunyoosha tena mkono. Akiitwa kusoma alisoma kwa kunong'ona, na kila alipofika kwenye "r" alisimama kama mtu aliyeona mwiba njiani, akaruka. Mwalimu alimbembeleza muhula mzima. Mwaka uliofuata mimi nikarudi mjini kwa sekondari. Yeye hakuendelea.

Kwa miaka mingi nimejua kwamba anauza nafaka soko la Majengo. Nilikuwa nikinunua uwele safu nyingine. Jumamosi baada ya ile tamthilia ya Chimwaga nikaingia safu yake.

"Mbukwa," nikamsalimu kwa Kigogo. Alinitambua papo hapo. Akageuza ndoo, akaifuta, nikaketi. Tukazungumza. Bibi amefariki, hilo alilijua, alimzika. Korongoni hakuna anayefukua mchanga, bomba limefika. Vinu vimegeuzwa viota vya kuku. Mwalimu alihamishwa zamani, hakuna ajuaye aliko.

Tukiwa hapo wakaja akina mama wa safu ile. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwasemea kwenye kikao cha soko, kuhusu kuhamishwa meza zao. Walimtaka yeye. Hana upendeleo, walisema, na anajua habari yote. Akacheka, akatikisa kichwa.

"Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nilizaliwa hivyo."

Walipoondoka nikamwambia, "Hukuzaliwa hivyo. Nilikufanya mimi."

Alichota uwele kwa kopo, akasawazisha juu kwa kiganja. "Yale ya mwalimu ulinidanganya," alisema. "Lakini nilivyokuwa natamka, hukudanganya. Nilijisikiliza baadaye. Ilikuwa kweli."

Nilitaka kumweleza kwamba alitamka hivyo na bado alikuwa bora kuliko sisi sote, na mwalimu alijua, na mimi nilijua kuliko mwalimu, ndiyo maana nilifanya. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akifunga mfuko wangu kwa kamba. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Niliuliza tu kama naweza kuja tena Jumamosi.

"Njoo," akasema. "Soko ni la watu wote."