Majina Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Kwetu Ituri, mgeni akitokea na kalamu na karatasi, akauliza nani analala nyumba gani, hupewa uongo kwanza. Si ubaya wa tabia. Wakati wa vita orodha zilitangulia, watu wenye silaha wakafuata: nani wa kabila gani, nani ana ng'ombe wangapi, nani ana vijana wa kiume wangapi. Wengi waliojibu ukweli hawapo. Kwa hiyo tulijifunza, wakubwa kwa wadogo, kusema kwamba sisi ni wapita njia, ng'ombe ni wa watu, watoto wamekwenda Uganda. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye alinilea tangu nikiwa na miaka sita, alitukaririsha majibu hayo kama wengine wanavyokaririsha katekisimu. Nilikuwa hodari kuliko wanawe wote wanne. Nilidhani amani ikija nitayasahau.

Amani ikaja, ila ya kuchechemea. Barabara ya kushuka Kasenyi, ziwani, ikafunguliwa, samaki wakaanza tena kupanda Bunia kila asubuhi, nami, mke wa mtu sasa, nikapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini. Baba mkubwa alirudi kwenye shamba lake kule chini, kwenye tambarare ya ziwa, na wanawe na ng'ombe waliobaki. Tulilala usingizi, lakini viatu vilikaa karibu na mlango.

Ndipo likaanza neno la mafuta. Upande wa Uganda walikwisha kuyapata, na sasa kulikuwa na kampuni iliyopewa haki ya kuyatafuta upande wetu. Imepewa na nani, na kwa masharti gani? Kila mtu sokoni alikuwa na jibu lake. Mkataba ulisainiwa Kinshasa na hakuna aliyeuona. Mama mmoja muuza samaki aliniambia tutakula makambale yenye harufu ya petroli, na mchungaji wetu akahubiri kwamba Mungu amekumbuka Ituri. Jirani yangu, ambaye ni avoka, yaani wakili, na hapendi kuhubiriwa, alisema kampuni hiyo ni mali ya kampuni nyingine, na hiyo nyingine ni mali ya nyingine tena, na ukizifuata zote unaishia kwenye kisiwa ambacho hakimo hata kwenye ramani ya darasani kwangu. Niliwakasirikia wote kwa kelele zao. Kisha kampuni ikatangaza kwamba inatafuta wakalimani, nami nikawa mtu wa tatu kwenye foleni.

Tulifundishwa siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Wangefyeka mistari iliyonyooka kuanzia milimani hadi ziwani, watoboe vishimo, walipue baruti ndogo chini, halafu mashine zao zisikilize mwangwi unaorudi ili kujua kuna nini huko ndani. Kila shamba ambalo mstari ungepita lilipaswa kujaziwa fishi, yaani karatasi moja yenye maswali: jina, umefika lini, unakaa hapa kwa haki gani. Kwenye swali la haki kulikuwa na visanduku vitatu: mwenye shamba, mkaaji, mpita njia. Mkufunzi alitukumbusha kwamba kwa sheria udongo na vyote vilivyo chini yake ni vya Serikali, kwa hiyo tusiahidi chochote. Alitupa kanuni nyingine moja: mkalimani asifanye kazi kwenye nyumba ya ndugu zake. Ukikuta ndugu, unajitoa na mwenzako anachukua nafasi.

Kanuni hiyo niliivunja wiki ya pili. Mvua ilikuwa imebomoa kidaraja, gari likazunguka, na nilipoinua macho tulikuwa kwenye ua wa baba mkubwa. Mwenzangu alikuwa mgonjwa Bunia. Mkuu wa kikosi, kijana mpole aliyetoka Kinshasa, alikuwa amechelewa na nyumba kumi zilikuwa zinamngoja. Nikajiambia ni dakika tano tu, na tena ni heri niandike mimi kuliko mtu asiyetujua.

Baba mkubwa alituona: gari, vizibao vya rangi ya machungwa, karatasi. Aliniona na mimi pia, na sitasahau jinsi macho yake yalivyonipita na kwenda kwa yule kijana. Nikauliza maswali kwa Kiswahili, kama nilivyotumwa.

"Siye tuko wageni hapa," akasema. "Tulifika mwaka jana tu. Tunapita."

"Na hizi ngombe, muzee?"

"Ni za watu. Miye naziangalia tu."

"Muko na batoto?"

"Hapana. Niko peke yangu."

Alizaliwa pale. Babu yangu amezikwa hatua thelathini kutoka mahali alipokuwa amesimama. Wanawe wanne, waliposikia gari, walikuwa wameingia kwenye matete, na nilijua ni matete yapi kwa sababu nami nilikuwa nikijificha hapo utotoni. Ningeweza kumgeukia yule kijana na kumwambia kwa Kifaransa: mzee huyu anaogopa, haya si ya kweli. Nilikuwa na muda wa kutosha. Lakini kumsahihisha mzee mbele ya wageni ni kumvua nguo, na kazi ningeipoteza palepale. Kulikuwa na sababu nyingine pia, na naona aibu zaidi kwa sababu hiyo. Kwa dakika ile na mimi niliamini kwamba anafanya vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa pamoja naye. Nikatafsiri neno kwa neno. Nikatia alama kwenye kisanduku cha mpita njia. Baba mkubwa akaweka dole gumba, nami nikasaini chini yake kama shahidi.

Baada ya majuma matatu baruti zikaanza. Kampuni ilikuwa imetangaza redioni, lakini mtu aliyekimbia vita hangoji kukumbuka tangazo la redio. Mlipuko wa kwanza ulipolia tambarare nzima ilibeba magodoro na kupanda barabara ya Bunia. Nilikutana nao nikiwa nashuka, akina mama na sufuria vichwani, nikasimama katikati ya barabara nikiwapigia kelele kwamba si vita, ni mafuta, hadi sauti ikanikauka. Mama mmoja aliniuliza tofauti ni nini. Nilimjibu vibaya, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Waliporudi makwao, chemchemi ambayo ng'ombe wa baba mkubwa walikuwa wakinywea ilikuwa inatoa maji ya rangi ya chai. Ng'ombe walinusa wakageuka. Mtaalamu wa kampuni alikuja, akajaza kichupa, akasema huenda ni mvua. Hatukuwahi kuona majibu ya kile kichupa. Labda kweli ilikuwa mvua. Hadi leo sijui, na watu wanaosema wanajua, wa upande huu na wa upande ule, hawakuwa pale.

Kisha tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya shefu, yaani chifu wa eneo letu: mraba uliochorwa kwenye ramani, mahali kampuni itakapojenga kambi yake. Wenye mashamba ndani ya mraba wangehamishwa kwa mazungumzo na fidia. Wakaaji wangepewa msaada. Wapita njia waliombwa kuendelea na safari yao ndani ya siku sitini. Shamba la baba mkubwa lilikuwa katikati kabisa ya mraba.

Nilikimbilia kwa jirani yangu avoka. Alinisikiliza, akauliza kama kuna karatasi yoyote ya zamani. Hakukuwa na karatasi. Babu alipewa ardhi na shefu wa wakati ule kwa mbuzi na pombe mbele ya watu, na watu hao wamekufa. Ofisi iliyotunza vitabu vya ardhi iliungua wakati wa vita. Avoka akavua miwani yake.

"Kwa hiyo karatasi moja tu duniani inayomutaja muzee kwenye ile shamba," akasema, "ni ile yako."

Mchuma janga hula na wa kwao. Tuliandika barua kwa komisiyo, tume ya kupokea malalamiko juu ya kampuni, ambayo ilikaa Bunia, na katika barua hiyo nilikiri yote: kwamba mzee ni baba yangu mkubwa, kwamba nilijua ukweli, kwamba nilisaini uongo. Kampuni ikanifukuza siku hiyohiyo. Komisiyo ikajibu kwamba makosa ya namna hii yanaweza kurekebishwa, mradi mhusika ajaze fishi mpya, iliyo kamili. Kamili maana yake ni kila mtu wa familia aliyewahi kukaa kwenye shamba: jina, umri, kazi, na mahali anapolala sasa.

Baba mkubwa alipanda Bunia na gari la samaki wa asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Tukakaa mbele ya karani, yeye katikati, mimi kulia, avoka kushoto. Karani alisoma maswali. Baba mkubwa alijibu la kwanza na la pili bila shida, lakini la watoto lilimsimamisha.

"Ni lazima majina yote?"

"Lazima, muzee," avoka akamwambia. "Bila majina, ile shamba haina mwenyewe kesho."

"Na hii karatasi itakaa wapi?"

"Kwenye kabati ya komisiyo. Nakala moja kwa kampuni."

Akanigeukia. Akaipanga mikono yake juu ya magoti.

"Ni weye utaandika?"

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Basi andika."

Akawataja. Alianza na mkubwa, akamaliza na kitinda mimba, kila mmoja na umri wake, na nyumba anayolala, ya mashariki ya zizi la ng'ombe au ya nyuma ya mgomba. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akiwataja wote kwa mfululizo mbele ya mtu asiyemjua. Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, safi, ili mtu yeyote aweze kusoma. Karani akanisifu. Nilijisikia vizuri kwa kusifiwa, Mungu anisamehe.

Tukashinda. Alitambuliwa kuwa mwenye shamba kwa desturi, na mraba ukasogezwa upande wa pili wa kijito. Tulichinja mbuzi, wanawe wakacheza ngoma uani kwao mchana kweupe, na avoka akala hadi akafungua mkanda.

Kambi haikujengwa upande wowote. Mafuta hayakuchimbwa. Mwaka uliofuata kampuni iliuza haki zake kwa kampuni nyingine, na mtu aliyenunua hakuonekana Bunia. Niliposikia nilikwenda kwenye ofisi yao. Mlinzi alikuwa anaosha sakafu tupu. Makaratasi? Yaliuzwa pamoja na haki, mama, yalipakiwa kwenye lori, masanduku na masanduku. Kwenda wapi? Hakuambiwa. Nikaenda kwenye komisiyo: ilikwisha kuvunjwa, na kabati lilikuwa limechukuliwa na ofisi nyingine, bila kilichokuwa ndani.

Pengine tungesahau. Lakini kule milimani Djugu, njia ya Kpandroma, nyumba zikaanza tena kuungua, na watu wenye magodoro wakaanza kuingia Bunia, safari hii si kwa kudhani baruti ya kampuni ni vita. Baba mkubwa hakupigiwa simu na mtu wala kutishwa. Alifikiri tu. Kulikuwa na karatasi, mahali fulani, mikononi mwa mtu fulani, inayosema wanawe ni wanne na kila mmoja analala wapi. Ndani ya mwezi mmoja aliwaondoa. Wawili walivuka ziwa kwenda Uganda, mmoja akaenda kwa wakwe zake Gety, na kitinda mimba akaja kwangu, analala sebuleni, hataki kuzungumza nami sana.

Kwa hiyo shamba tunalo, halali, na yupo mzee mmoja peke yake juu yake na ng'ombe tisa. Anajipikia. Kila niliposhuka aliniuliza jambo moja kabla ya kuniuliza habari za mume na watoto: ile karatasi nimeiona?

Mara ya mwisho sikuweza tena kusema hapana. Nilimwambia nimeipata. Nilimwambia ilikuwa katika ofisi moja mjini, kwamba karani alinipa, kwamba niliichoma kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba yangu, nakala zote mbili, na nikasimama hadi zikawa majivu.

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu, baba mukubwa. Unaweza kuwaita sasa."

Akaiangalia mikono yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka sita, kwamba uongo mzuri husemwa polepole, na kwamba mikono isichezecheze. Alinishukuru. Aliniwekea maji ya chai, akaniuliza habari za mume na watoto, akanisindikiza hadi barabarani nilipopata pikipiki ya kupanda. Wanawe hakuwaita.