Mama Rula na Kolekole Waliorefuka Ghafla

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, na Mama Rula ameshauliza saa mara nne. Ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa katikati ya sakafu ya soko la samaki. Mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele, mweupe kwa plasta kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, na juu ya plasta amefunga mfuko wa nailoni ili maji ya barafu yasipenye. Mapajani ana ubao wa kupimia. Mkononi ana samaki aina ya kolekole.

"Ishirini na sita na nusu," anasema. Anabana ncha mbili za mkia kwa vidole, anainamia ubao tena. "Na thelathini kamili."

Mumewe, fundi cherehani mwenye penseli sikioni na nyingine mkononi, anaandika namba zote mbili kwenye daftari. "Huyo wa mia tatu arobaini na mbili. Bado hamsini na nane."

"Usiniambie waliobaki. Niambie saa."

Kengele ya mnada hulia saa moja kamili. Ikishalia, samaki ni wa wachuuzi, na mchuuzi hamsubiri mtu mwenye rula. Leo ni Jumatano, siku ya mwisho aliyopewa. Samaki mia nne waliopimwa mara mbili wasipofika ofisi ya utafiti leo, kesho kikao cha wavuvi kitaamua jambo kubwa kwa kutumia namba zisizo za kweli. Namba hizo zilitoka nyumbani kwake.

Jina la Mama Rula alipewa hapa hapa sokoni, na sasa hata watoto wake wanalitumia. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akipima samaki wanaoshushwa bandarini, ili watafiti wajue kama samaki wa ufukweni wanaongezeka au wanakwisha. Alianza akiwa mfagiaji wa sakafu hii. Siku moja mtafiti mmoja alimwomba amshikie ubao kwa dakika tano. "Dakika tano zenyewe ndizo hizi," anasema.

Malipo yake ni ya siku kwa siku. Siku asiyopima, halipwi. Lakini ukimuuliza kwa nini alifanya alichofanya, hataji fedha kwanza. Anataja kukaa.

"Mimi sijui kukaa kitako. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali."

Siku arobaini zilizopita alikanyaga magamba yenye barafu, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mguu. Hospitalini aliambiwa kuna utafiti wa mifupa unaoendelea. Wagonjwa wenye mvunjiko kama wake hugawanywa makundi mawili. Kundi moja huvaa buti la kufunga na kufungua, na huruhusiwa kuanza kukanyaga mapema. Kundi la pili hufungwa plasta wiki sita, bila kuukanyagia mguu kabisa. Hakuna anayechagua. Mtu hupewa bahasha iliyofungwa, akaifungua.

"Nikafungua, nikakuta plasta," anasimulia. "Baba watoto akacheka mpaka nesi akamtoa nje."

"Si ungecheka na wewe?" mumewe anadakia bila kuinua macho daftarini. "Mwanamke hajawahi kumaliza kikombe cha chai amekaa, leo anaambiwa wiki sita."

Kwa hiyo Mama Rula sasa ana madaktari wawili, daktari wa mifupa na mtafiti wa bandarini ambaye sokoni wanamwita daktari wa samaki. Mmoja amempa daftari la mguu, mwingine daftari la samaki. Na yeye aliyezoea kupima wengine, akawa anapimwa.

Siku ya tatu baada ya kuanguka alifanya kosa la kwanza. Hakuiambia ofisi kwamba amevunjika. Alimpa mumewe ubao na daftari, akamweleza kazi mezani kwa dakika kumi, kisha jioni jioni akawa anatia saini yake kwenye karatasi ambazo hakuziandika. Alihofia nafasi yake kuchukuliwa na mtu mwenye miguu miwili mizima.

Fundi alikwenda kila asubuhi, hakukosa hata siku moja. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mkewe. Wavuvi walimpenda kwa sababu hakuwa akiwagombeza kama mwenye kazi anavyowagombeza wanapoficha samaki wadogo chini ya barafu.

Jumatano iliyopita simu ikalia. Alikuwa daktari wa samaki, kwa furaha. Kolekole wamerefuka. Wastani umepanda hadi sentimita thelathini na moja.

Namba hiyo si ndogo. Miaka miwili iliyopita, sehemu ya miamba iliyo karibu na bandari ilifungwa, asivue mtu. Wavuvi walikubali kwa shingo upande, wakapewa ahadi kwamba wastani wa kolekole ukipita sentimita thelathini, eneo litafunguliwa. Walikuwa wakisubiri kwa hamu, na wengine walikuwa wameshaanza kushona nyavu.

"Nilifurahi kwa muda wa maji ya chai kuchemka tu," anasema Mama Rula. "Yalipochemka, furaha ikawa imeisha. Samaki gani huyo anayeongezeka karibu sentimita nne kwa mwezi mmoja? Hata mtoto wa binadamu haendi hivyo."

Alimwagiza mumewe alete kolekole mmoja. Akamwambia, pima nione. Fundi akamlaza samaki vizuri, pua ikagusa ukingo wa ubao, akanyoosha mkia, akabana ncha zake mbili pamoja, akasoma pale zilipoishia. Alipima mpaka mwisho kabisa.

Mama Rula anasema hakupiga kelele. Mumewe anasema alipiga.

Mkia wa kolekole umegawanyika kama panda ya manati, na katika kazi hii samaki hupimwa hadi pale mkia unapogawanyika, si hadi kwenye ncha. Ncha hukatika wavuni, huliwa, huchakaa kwenye barafu. Panda haibadiliki. Kwa miaka kumi na moja kila kolekole wa bandari hii alipimwa hadi kwenye panda. Kwa mwezi mmoja alipimwa hadi kwenye ncha, na mwezi huo ndio aliorefuka.

"Miaka thelathini nimeshona," fundi anajitetea, na sauti yake haina mzaha. "Nguo hupimwa mpaka pindo. Ukiacha pindo, mteja anatoka nje na suruali ya mdogo wake. Nani angeniambia samaki ana pindo lisilohesabiwa?"

"Mimi," mkewe anajibu. "Mimi ndiye ningekuambia. Nilisahau, maana nimelijua muda mrefu mno."

Hakulala vizuri usiku huo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akificha mawili. Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini kwa magongo, akasema kila kitu: mguu, mume, saini, panda. Daktari wa samaki alizitoa karatasi za mwezi ule, akazipitia moja moja. Kisha akamwambia namba za mwezi ule zinaweza kuokolewa. Wakipimwa kolekole mia nne kwa njia zote mbili, itajulikana tofauti ya ncha na panda kwa kila ukubwa wa samaki, na hesabu ya fundi itarekebishwa. Kuhusu kazi yake, alimwambia hilo litazungumzwa baada ya kikao.

Ndiyo maana tuko hapa, na saa inakaribia kumi na mbili na nusu.

Samaki wa mia tatu hamsini na moja ni wa mwisho kwenye kreti. Mama Rula anainua kichwa, anatafuta mashua nyingine. Imebaki moja tu yenye kolekole wa kutosha, na nahodha wake, mtu mnene mwenye ndala za rangi mbili tofauti, ameshawaamuru vijana wake wapitishe kreti nyuma ya nguzo.

"Nahodha, naomba hao," anaita Mama Rula.

"Hao hawapimwi."

"Ni arobaini na tisa tu."

"Mama Rula, sisi tunakuheshimu. Lakini juzi samaki walikuwa wakubwa. Jana ukasema wadogo. Samaki ni wale wale, bahari ni ile ile, kilichobadilika ni wewe. Sasa unataka nikupe samaki wangu ili uwapunguze tena?"

Wachuuzi wawili wanacheka. Kreti inaondoka.

Hapo anafanya jambo ambalo mwandishi huyu alilishuhudia, na mumewe pia, kwa uso wa mtu anayejua atalaumiwa. Anaweka ubao chini, anainuka, na bila kugusa magongo anatembea. Plasta inagonga sakafu. Anafika kwenye nguzo, anaishika kreti kwa mkono mmoja.

"Basi pima wewe," anamwambia nahodha. "Mimi sitagusa. Utalaza mwenyewe, utasoma mwenyewe, fundi ataandika utakachosema."

Nahodha anamtazama, anatazama mguu. "Wewe umeruhusiwa kutembea?"

"Usinibadilishie mada."

Fundi analeta ubao. Nahodha anajikuna shavu, anamchukua kolekole wa juu, yule mkubwa aliyepangwa makusudi avutie macho. "Hadi ncha, thelathini na mbili," anatangaza ili wote wasikie. "Na hadi hapo penu... ishirini na nane." Anamgeuza samaki, anapima tena upande wa pili. Ni vile vile. "Kwani mkia si samaki? Mkia nao nimeuvua mimi."

"Umeuvua, na utauuza, na utalipwa," anasema Mama Rula. "Lakini tazama huyo wa pili."

Wa pili ncha moja ya mkia imekatika. Anayefuata hana ncha zote mbili. Nahodha anamshika, anatafuta mwisho wake ulipo, hauoni. Anaishia kusoma namba moja tu, ya kwenye panda. Ishirini na tano. Fundi anamweka pembeni, maana asiye na ncha hahesabiki leo. Nahodha hasemi kitu tena isipokuwa namba. Anakwenda haraka kwa mikono iliyozoea samaki, haraka kuliko hata Mama Rula, na fundi anaandika mpaka penseli inavunjika, anachukua ile ya sikioni. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na nne. Kadiri kreti inavyopungua ndivyo sauti yake inavyoshuka.

"Mia nne," anasema fundi. Kengele inalia kabla hajamaliza kufunika daftari.

Nahodha anafuta mikono kwenye shati. Yeye ni mmoja wa watu saba watakaoketi kwenye kikao kesho. "Nilikuwa nimeshanunua nyavu za kule kwenye miamba," anasema, akimtazama Mama Rula kwa mara ya kwanza bila ubishi. "Hawa hawajakua, eti?"

"Wamekua kidogo. Miaka miwili iliyopita walikuwa ishirini na tatu."

"Kidogo," anarudia nahodha, na kuondoka na kreti yake.

Saa nne asubuhi daftari la samaki limeshafika ofisini, na Mama Rula yuko nyumbani, kwenye chumba cha mbele ambacho nusu yake ni cherehani na vitambaa. Amewekwa kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Anabadilisha mkao. Anabadilisha tena. Anaomba maji, halafu hayanywi.

Mpango wake anao. Akibakizwa kazini, ataomba ofisi impe watu wawili wa kuwafundisha, kwa barua na kwa ruhusa, ili siku nyingine akianguka pasiwe na siri. Wa kwanza ameshampata. "Baba watoto sasa anaijua panda kuliko mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini safari hii koleo la pili liwe limeandikishwa." Na asipobakizwa? Anapapasa ukingo wa plasta. "Nitarudi kufagia. Sakafu naijua. Ila nitapita karibu na ubao kila asubuhi, nione wanapima wapi, na hilo litaniuma."

Kisha anamwomba mumewe amletee daftari jingine, la mguu.

Lina swali moja kwa kila siku: leo umeukanyagia mguu? Kurasa thelathini na tisa zina jibu moja, hapana, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Siku kumi na sita za mwanzo ni kweli," anasema. "Baada ya hapo nilikuwa nikitembea humu ndani. Jikoni. Uani. Siku moja nilifika dukani. Daktari wa mifupa anatazama eksirei yangu, anasema unapona vizuri sana, plasta na kupumzika vinafanya kazi. Kupumzika gani? Kesho mtu mwingine atafungwa hivi hivi, aambiwe tulia kwa sababu yule mama alitulia akapona." Anachukua kalamu. "Nimemgombeza nahodha kwa ncha ya mkia, na mimi huku nadanganya mguu mzima."

Atatolewa kwenye utafiti? Hajui. Akitolewa, eksirei ya mwisho atailipia mwenyewe. Hilo linamtisha, anakiri waziwazi.

Katika kazi ya vipimo hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, na pembeni unaandika lililo sahihi. Hiyo alimfundisha mumewe siku ya kwanza, na hiyo hakuisahau. Anaanzia ukurasa wa kumi na saba. Mstari, ndiyo. Mstari, ndiyo. Fundi anahesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika, na wanapofika mwisho anasema taratibu, "Ishirini na tatu."

Unabaki ukurasa wa leo, mtupu. Mama Rula anafikiri kidogo, macho juu, akirudi sokoni kutoka kwenye kreti hadi kwenye nguzo. Kisha anaandika: Ndiyo. Hatua kumi na moja.

"Kumi na mbili," anasema mumewe. "Nilikuwa nakuhesabia."

Anapiga mstari, anaandika kumi na mbili, halafu anauliza hospitali inafungwa saa ngapi.