Nguzo ya Mlango, Tosha

Bosi wetu alikuwa Mtanzania mwenzangu, na laiti asingekuwa. Mzungu angeniuliza maana ya neno. Yeye Kiswahili amekinyonya kwa mama yake, utamwambia nini?

Ofisi ilikuwa huku ughaibuni, mji wa Herndon, juu ya duka la mazulia. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulipata kazi ya kukagua mahekalu ya kale ya mawe yaliyopasuliwa na tetemeko kwenye milima ya kaskazini mwa India, tuseme lipi liegemezwe na lipi lifumuliwe jiwe kwa jiwe lijengwe upya. Mimi nilikaa na michoro, napaka rangi. Kijani, jiwe liachwe. Nyekundu, litolewe kabla halijaporomoka. Aliyekwenda kule kupima nyufa alikuwa msanifu majengo kutoka Lubumbashi, mtu mzima, tulimwita mzee tu. Mkewe, "bibi yangu" kama alivyomwita, alikuwa bado Kongo na watoto, na vita vinaendelea. Bosi alimwahidi kwamba kazi ikienda salama atamsainia karatasi za ukaazi, awalete. Kabla hajasafiri, kila tukila mchana mzee aliitaja ahadi hiyo mpaka chakula chake kinapoa.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo akipiga simu alisema Kiswahili, na bosi aliweka spika tusikie wote. Si kwa wema. Alikuwa anamwigiza. "Mulango! Mutu! Jamani, hiki Kiswahili nacho kimepigwa na tetemeko." Watu wanacheka, na mzee huko milimani anasubiri, anadhani laini mbaya.

Siku hiyo alisema, "Nguzo ya mulango, tosha."

"Inatosha. Paka kijani," bosi akaniambia.

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nasali na Wakongo kule Lanham. Mara ya kwanza kwenda kwa mama mmoja wa kanisani aliniambia mlangoni, "Tosha viatu," nami nikasimama pale natabasamu, nadhani ananisifia viatu. Kumbe kwao kutosha ni kutoa.

"Samahani, kaka," nikamwambia bosi, "huyu anasema itolewe. Muulize tena."

"Nawe umeshakuwa Mkongo? Kutosha ni kutosha."

"Muulize tu, si bado yuko hewani?"

Akakata simu huku ananitazama. Kisha akaninyang'anya kalamu, akapaka kijani mwenyewe. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Michoro ikatumwa kwa mafundi kabla mzee hajarudi ofisini kuiona. Mafundi wakaufuata mchoro, wakaegemeza paa zima kwenye nguzo ile ile. Ikakatika chini. Paa likashuka na kusaga mlango wa mawe wenye nakshi, mlango ambao tetemeko lenyewe lilikuwa limeuacha. Hakufa mtu. Bosi alisema tumshukuru Mungu, halafu akatafuta wa kumlaumu, na wala hakwenda mbali.

Alimsimamisha mzee katikati ya ofisi. "Ulisema inatosha. Watu wote walisikia."

"Nilisema tosha, patron. Tosha!" Mzee alionyesha kwa mikono, anang'oa kitu hewani, anakilaza sakafuni. Wenzangu wakainamia meza zao.

"Nilikuambia!" nikapiga kelele. "Nilikuambia mtu akiwa bado kwenye simu!"

Bosi hakugeuza hata shingo. Alikwenda akafungua mlango, akaushikilia kwa adabu zote kama anayemkaribisha mgeni.

"Haya, mzee. Kwa Kiswahili chenu, nimekutosha."

Loo! Kumbe neno alikuwa nalo muda wote. Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, ndipo akamsahihisha polepole, bila hasira.

"Umetosha na bibi yangu, patron. Na batoto."