Kondoo wa Miaka Elfu Moja

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka kanisani akaniuliza: Yesu akija kutawala ile miaka elfu moja, watu wataanza tena kuchinja wanyama hekaluni? Aliuliza huku akivua viatu, kama mtu anayeuliza chakula kiko wapi. Nikamwambia ale kwanza. Kisha nikabaki nimesimama jikoni, rafiki yangu, na vyombo vichafu mbele yangu, maana swali hilo liliwahi kuingia nyumbani kwetu Ziwani na nusura litutawanye.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya elfu mbili. Kama ulikuwa Eastlands ya Nairobi unakumbuka: kila kona ilikuwa na mhubiri na kipaza sauti, na kila mhubiri alikuwa na hesabu yake ya mwisho wa dunia. Asubuhi tuliamshwa na kelele za ndoo kwenye mfereji wa uani tulipochotea maji na harufu ya mandazi ya jirani yetu Mwislamu, ambaye mumewe alikuwa mchinjaji kule Kiamaiko. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na nguo zake zilinukia sabuni hata siku za mapumziko. Alikuwa mzee wa kanisa letu dogo lililokutana katika ukumbi wa mtaa. Mama alikuwa mjamzito. Nyanya, mamake baba, tuliyemwita kukhu kama wanavyosema kwao Bungoma, alikuwa amekuja kumsaidia, na jioni tulikaa naye mlangoni tukichambua mboga ya mrenda.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempoteza ndugu yangu mdogo. Alishikwa na homa, na kabla hatujazoea kwamba ni mgonjwa, akawa hayupo. Baba hakulia mbele yetu. Alianza tu kuchelewa kurudi kutoka kanisani.

Mchungaji wetu alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, na nadhani ndiyo maana watu walimwamini. Alifundisha kwamba hekalu alilooneshwa nabii Ezekieli litajengwa, madhabahu na yote, na sadaka za wanyama zitarudi wakati wa ile miaka elfu. Mwanzoni watu walibishana kwa amani. Wengine walisema miaka hiyo ni mfano tu, na kwamba tayari tunaishi ndani yake. Wengine walikubali sadaka zitakuwepo, lakini za ukumbusho, kama mkate na divai. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakacheka wakaagana.

Halafu Jumapili moja mchungaji akasema hatuwezi kungoja hekalu. Nyumba yenye dhambi iliyofichika, ile iliyokwisha kuguswa na mauti, ijitakase kwa damu ya kondoo kabla mwaka haujaisha, la sivyo mauti yatarudi. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa umeshika benchi kwa nguvu.

Kondoo aliletwa Ijumaa, akafungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Watoto wa uani walifurahi. "Niaje, buda yako amenunua kondoo ya Krismasi?" mmoja aliniuliza kuhusu baba. Nikasema ndiyo, kwa sababu sikuweza kusema jambo lile lingine.

Usiku huo tulikuwa tukila, kukhu akasukuma sahani yake kando.

"Damu ya Yesu ilimwagika mara moja, mwanangu. Waraka kwa Waebrania unasema hivyo. Mimi kusoma ni kwa shida, lakini hilo nilifunzwa nikiwa msichana."

"Mama, huu unabii hujauelewa."

"Unabii huenda sijauelewa. Wewe nakuelewa. Wewe hutafuti miaka elfu. Unamtafuta mtoto."

Baba aliinuka akatoka nje bila kunawa. Mama alianza kukusanya sahani. Alikuwa hajasema kitu tangu kondoo aletwe, na kimya chake ndicho kilichoniogopesha zaidi.

Siku iliyofuata baba alimwita jirani, yule mchinjaji, aje Jumapili kanisani amsaidie kuchinja, kwa kuwa yeye hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Mimi nilikuwa mferejini nikisugua sufuria. Jirani alimpapasa kondoo mgongoni, akauliza ni wa shughuli gani.

"Ni wa dhambi ya nyumba," baba akasema.

"Dhambi gani, jirani?"

Baba akakaza fundo la kamba ya kondoo. Jirani akajifuta mikono polepole. "Sisi siku ya Idd tunachinja, lakini tunafunzwa kwamba damu haimfikii Mungu, wala nyama. Kinachomfikia ni uchaji wa mtu. Ukitaka nyama ya kula, niite saa yoyote. Hili la kesho, nisamehe."

Kwa hiyo Jumapili baba alisimama mwenyewe nyuma ya ukumbi, kisu mkononi. Kulikuwa na kondoo wengine wawili, lakini wetu alitangulia kwa kuwa baba alikuwa mzee wa kanisa. Vijana wawili walimlaza kondoo na kumshika miguu. Mchungaji alisoma, akafunga kitabu, akampa baba ishara kwa kichwa.

Hapo mama akainuka kutoka kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni.

"Bwana asifiwe," alisema, na watu wakaitikia amina kwa mazoea. "Baba watoto, kabla hujakata, niambie hiyo dhambi ni ya nani."

"Keti, mama watoto."

"Ni yangu? Mimi ndiye niliyemnyonyesha. Mimi ndiye niliyembeba mpaka zahanati kwenye ile mvua. Kama nilikosea mahali, pataje, watu wasikie. Na kama hupajui, unamchinja huyu kwa nini?"

"Dada, huu si wakati wa ushuhuda," mchungaji akasema kwa ile sauti yake ya upole. Mama hakumgeukia. Alikuwa akimtazama baba peke yake, na wale vijana wakaanza kulegeza mikono yao.

"Sipajui," baba akasema mwishowe. "Nimepatafuta, mama watoto. Sipajui."

Ndipo akalia, mbele ya kanisa zima. Kukhu akamwendea, akakitoa kisu mkononi mwake, akakizungushia leso.

Tulirudi nyumbani na kondoo wetu. Wale wengine wawili walichinjwa alasiri hiyo hiyo, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kunong'onewa. Mwanamke mmoja wa kanisa alimwambia mama pale mferejini kwamba tungoje tuone kitakachozaliwa. Majuma yale yalikuwa marefu. Mama akishika mgongo, sote tuliacha tulichokuwa tukifanya. Usiku nilimsikia baba akiamka kusikiliza kama mama anapumua.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti ya kusumbua uani kote. Jirani alimchinja yule kondoo kama alivyoahidi, mkewe akapika pilau, na nyama ikagawiwa kila mlango, hata kwa yule mwanamke wa mferejini. Mchungaji alihamia mtaa wa Fedha pamoja na waliomfuata. Mwaka elfu mbili ukaingia, baba akaenda kazini.

Leo ule ukumbi haupo. Jirani na mkewe walihamia mtaa wa Majengo, kisha tukapoteana. Kukhu amelala Bungoma, na baba pia. Siku hizi nasikia watu wakibishana juu ya mwisho wa dunia kwenye simu, wasiojuana, wakitukanana. Sijaona tena wakibishana wakiwa wamekaa benchi moja, chai ikipoa katikati yao.

Lakini nakumbuka chakula cha kwanza mama aliporudi kutoka hospitali ya uzazi. Baba aliomba. Alishukuru kwa ajili ya mtoto mpya, kisha akamtaja yule aliyetangulia kwa jina lake. Tangu tumzike, hakuna aliyekuwa ametamka jina hilo nyumbani kwetu. Mama alisema amina kabla baba hajamaliza.