Vigingi vya Omari Bati

Harufu ilitangulia, moto ukafuata. Nilikuwa nimeukumbatia msondo wa mjomba wangu, nimeuelekeza uso wake kwenye moto wa makumbi ya nazi kama nilivyofunzwa, pua ikasikia petroli, na mara ngoma nzima ikawaka mikononi mwangu. Haikuanza kidogo kidogo kama kuni. Iliruka kwa mpigo mmoja, ile rangi nyekundu na ya kijani ikawa inachuruzika juu ya mkono wangu wa kulia huku inaungua. Nilisikia ngozi inanuka, na sikujua ni ngozi ya ndama iliyowambwa kwenye ngoma au ni yangu mimi.

Watu wa Msambweni wa rika langu wakiulizwa habari za siku ile, husema bendera, husema pilau. Mimi husema harufu. Lakini ngojeni nirudi nyuma, maana moto una mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Mjomba Nassoro alikuwa ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu Wadigo wa zamani mali ya mjomba humfuata mpwa, kwa hiyo tangu sijaota meno ya pili niliambiwa kwamba msondo ule, ngoma ile ndefu ya kusimama, ni wa nyumba yetu na utakuwa wangu kuutunza. Ulikuwa mweusi. Si weusi wa rangi, ni weusi wa mafuta ya nazi, wa moshi, wa jasho la mapaja ya watu walioubana miaka na miaka. Ukiunusa ulinuka kama kichwa cha mtoto aliyetoka kulala jikoni. Kila Alhamisi jioni kazi yangu ilikuwa kuupaka mafuta kwa kitambaa, na mjomba akisema, "Taratibu, mwanangu. Hapo unampaka babu yako."

Hakuwa anatania. Ngozi ya ngoma ile ilishikwa na vigingi vilivyopigwa kuzunguka shingo yake, na nyumbani kwetu kulikuwa na desturi. Mpigaji akifa, kigingi kimoja kiling'olewa, akachongewa chake kwa mti uliokuwa karibu na kaburi lake. Basi kimoja kilikuwa cha mdimu, kingine cha mkwaju, kingine cha mkanju, kirefu na kifupi, kinene na chembamba, vimekaa ovyo kama meno ya mzee. Nilipokuwa nikipaka mafuta nilivitaja kimoja kimoja kwa majina: huyu Mwakombo, huyu Bakari Mrefu, huyu babu Juma aliyekufa akicheka. Wakati huo sikujua kusoma bado. Hicho ndicho kilikuwa chuo changu.

Ikaja habari ya Uhuru. Msaidizi wa chifu wetu aliitwa Mwinyi Kasimu, mtu wa koti hata jua la saa saba, mwenye marashi yanayofika kabla yake. Aliitisha baraza, akasema wakubwa watashuka kutoka Kwale kuja kututazama, kwa hiyo ngoma zote zikwanguliwe na kupakwa rangi za bendera.

"Nchi ni mpya," alisema. "Hatutaki kuonyesha wageni vitu vyenye masizi kama sufuria."

Mjomba akainuka. "Nchi ni mpya, Mwinyi, lakini mikono ya kupiga ni ile ile. Ngoma haisafishwi, hupigwa."

"Nassoro, ngoma yako inanuka beberu!"

"Naam. Na wewe wanuka marashi, mbona hakuna anayekucheza?"

Watu walicheka hata kina mama wakafunika nyuso kwa leso. Nilicheka mimi pia, nimekaa miguuni pa mama. Sikujua kwamba mtu kama Mwinyi Kasimu hukitia kicheko mfukoni, akakitoa siku yake.

Alichofanya ni kuwaendea vijana wa kikundi cha mjomba. Aliwaambia kwamba msondo usipopakwa rangi, wataitwa wapigaji wa kijiji cha Majoreni, na wao wakae chini watazame. Vijana wakaja kwetu jioni, wamejipanga ukumbini kama watu wa posa. "Mjomba, tutaaibika. Ni rangi tu, mjomba. Sauti haitoki kwenye rangi." Mjomba alivipapasa vile vigingi kwa kidole gumba. Mwisho akasema, "Mwili upakeni. Vigingi na ngozi visiguswe." Vijana wakaapa.

Fundi alikuwa Omari Bati. Jina la Bati alilipata kwa kuezeka mabati, na ufundi wake wote ulikuwa huo, mengine alikuwa anajaribia mali za watu. Alichukua msondo, akarudi nao siku ya tatu. Mama alipouona alikaa chini. Alikuwa ameukwangua kwa vipande vya chupa mpaka mti ukawa mweupe kama mfupa, akaupiga mistari myeusi, myekundu na ya kijani. Na vigingi vyetu vyote alikuwa ameving'oa. Badala yake alipiga vigingi vipya vya mbao ya sanduku, laini, vyote kimo kimoja.

"Vya zamani viko wapi?" mjomba aliuliza.

"Vile vijiti? Mke wangu alikosa kuni, mjomba. Si umeona hivi vilivyonyooka?"

Mjomba alitoka bila kuvaa viatu. Kwenye mafiga ya mke wa Omari aliokoa kimoja, cha mdimu, kimeungua ncha. Huyo alikuwa Mwakombo. Alikifunga kwenye pindo la kikoi chake.

Sasa sikilizeni vizuri. Rangi ile ilitolewa na Mwinyi Kasimu, na ilitosha ngoma zote. Lakini juma lile lile mlango wa Omari Bati ulikuwa umegeuka kijani, na madirisha ya Mwinyi Kasimu mekundu, kila mpita njia aliyaona. Kwa hiyo iliyobaki ikatiwa kitu ili ienee.

Siku yenyewe kulipambazuka na mvua ya vuli, ngozi zote zikalegea. Ngoma iliyolegea haina dawa ila moto. Huikumbatia, ukaiinamisha karibu na makaa, ukaizungusha, huku unaigonga kwa kidole mpaka ijibu. Tuliita kukanza, na kukanza nilikujua kuliko kufunga leso. Kwenye uwanja wa skuli makumbi yalishawashwa. Mjomba akauinamia msondo, akanusa, akasimama.

"Omari, rangi hii inanuka petroli. Na bado haijakauka."

"Rangi zote za kizungu zanuka, mjomba. Wewe huzijui."

"Basi msondo huu haukanzwi. Tutapiga ile ngoma ndogo ya chapuo peke yake."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliposema hayo, akaitwa kwenda kuamkia wageni, akaenda. Mwinyi Kasimu akaja mbio, koti linapepea. "Msondo mbona umelala? We mtoto! Si wewe mwenye kazi? Kanza hiyo ngoma upesi, wageni wanangoja!"

Nikamwambia, "Mjomba amekataza."

"Mjomba wako ndiye serikali? Kanza!"

Omari Bati alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akatazama moto, akatazama pembeni. Hakusema neno. Nikaukumbatia msondo.

Mliyoyasoma mwanzo ndiyo yaliyofuata. Mjomba alinifunika kwa kanzu yake na mchanga, kisha akaurudia msondo akaufukia nao mchangani kama maiti. Mimi nilipona. Vidole vyangu viwili vilishikana na kiganja, viko hivyo mpaka leo. Msondo nao ulipona upande mmoja.

Kabla sijatoka hospitali Mwinyi Kasimu alishasema mbele za watu kwamba ngoma ile ina shetani, na shetani amemchagua mtoto. Omari Bati akaitikia. Watu wakalipenda neno hilo, kwa sababu shetani hana jamaa wa kuudhika. Skuli sikurudi, kwa kuwa mwalimu hakutaka mwanafunzi wa mkono wa kushoto mwenye shetani. Waposaji walipita mbali na mlango wetu. Na mimi mwenyewe, jamani, niliamini. Niliamini kwamba babu Juma na Bakari Mrefu wamenikasirikia kwa kuwaacha waungue kama kuni. Mjomba alisema sivyo mpaka anakufa, lakini nilidhani ananihurumia.

Nilikuwa mtu mzima, napita Ukunda, nilipomwona kijana anapaka geti. Rangi ilikuwa nzito, akamimina kitu cha kwenye chupa, akakoroga. Upepo ukanipiga usoni. Nikakaa kando ya barabara. Kijana akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamuuliza umetia nini humo. "Petroli, mama. Ukikosa dawa yake unatia petroli. Lakini usisogeze moto." Hata kijana wa geti alilijua hilo. Siku hiyo ndipo nilipowasamehe babu zangu, na nikajua ni nani sitawasamehe.

Nilijiunga na ngumbaru, nikajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ili niandike haya.

Mwezi uliopita alinijia Athumani, mwana wa Mwinyi Kasimu, mwenye duka la vinyago huko Galu. Aliniamkia shikamoo, ameinama mpaka chini. Amesikia habari za msondo, anautaka awawekee watalii mlangoni. "Nitaupiga msasa, bibi, nitaupaka vanishi, utakuwa mpya kabisa." Nilimwambia baba yako naye alisema mpya.

Msondo hautapigwa msasa. Upande ulioungua, ile rangi imetoka malengelenge kama mkono wangu, na itabaki. Upande mzima naupaka mafuta ya nazi kila Alhamisi. Cha mdimu nimekirudisha shingoni, na mjomba nimemchongea chake kwa mfenesi uliomwinamia kaburini. Vilivyobaki ni vya Omari Bati, laini, kimo kimoja. Sikuving'oa, na si kwa kusahau.

Mwinyi Kasimu amekufa, ana Mungu wa kumjibu. Lakini Omari Bati yu hai. Kila baada ya alasiri anakaa barazani pa msikiti, anacheza bao, na vijana wanamwita babu. Omari, nyumba yangu waijua. Athumani, mshike mkono mzee huyo umlete, kwa kuwa nawe wataka kuurithi msondo. Njooni mchana, watu wawepo. Aseme ni nani aliyetia petroli, na kwa nini alinyamaza mimi nikiukumbatia msondo ule. Akishasema, aving'oe vigingi vyake kwa mkono wake, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alitaje jina la babu aliyemchoma. Asipoyajua, mimi nayajua. Nitamfundisha.