Masikio ya Ng'ombe Kauntani

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya mifugo huku Garsen. Mbele yangu mfugaji mmoja alingoja kibali cha kusafirisha ng'ombe. Lori lake lilikuwa nje juani, na ng'ombe walishaanza kuhema.

“Subiri kidogo mzee, najumlisha dozi za chanjo,” alisema karani, macho kwenye kompyuta.

Nami kwa umbeya wangu nikachungulia. Wallahi, jedwali la tarakimu tupu!

Mzee hakuchungulia. Alimkazia karani macho usoni, kisha akauliza polepole, “Kijana, nani anashinda?”

“Wapi, mzee?”

“Kwa mpira. Fisi akiwa kichakani, mimi siangalii kichaka, naangalia masikio ya ng'ombe. Chanjo gani hiyo inafanya wewe unauma kidole?”

Karani akacheka, akakiri. Kumbe ni kivinjari cha kuingia mtandaoni kisiri kazini: kinavaa sura ya jedwali, na mechi imejibanza kwenye safu ya chanjo! Papo hapo muhuri ukagongwa, paa!

Mabingwa wa kompyuta wameficha kioo, uso wakausahau.

Mlangoni mzee aligeuka. “Wenu wamefungwa, eeh?”

“Umejuaje?”

“Muhuri imepiga na hasira.”